Kabla ya Kung'oa Jino la Pili: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Afya Uganda

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Afya, wabunge wa Kamati ya Afya, na maofisa wa afya wa wilaya zetu za West Nile.

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mkata tiketi. Mwaka wa 19 huu niko kwenye kibanda cha mabasi ya usiku hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwenye stendi ambayo wenyewe tunaiita paki. Ukikaa sana kwenye kazi hii, abiria unawajua kwa mizigo kabla hawajafungua kinywa. Mwenye begi tupu lililokunjwa anakwenda Kikuubo, soko la jumla la Kampala, kununua nguo za kuuza. Mwenye godoro ni mwanafunzi. Na mama mwenye blanketi, sufuria moja, kijiko kimoja na bahasha ya kaki aliyoikumbatia isikunjike, huyo anapeleka mtoto hospitali Kampala. Huyo simuulizi anakwenda wapi. Namuuliza tu kama anataka kiti cha karibu na mlango, maana mtoto atatapika.

Baadhi ya watoto hao wamefungwa kitambaa kinachopita chini ya kidevu na kukutana utosini, kama mtu anayeumwa jino. Naandika kwa ajili ya hicho kitambaa, na kansa ya watoto inayojificha nyuma yake.

Mpwa wangu alifungwa kama hivyo. Alikuwa na miaka sita, na Jumamosi alikuwa akija kibandani kunigongea mhuri kwenye tiketi. Aligonga kwa nguvu mpaka wino ukaruka kwenye shati langu, nami nilimwacha, kwa sababu mtoto wa dada ni wa kudekezwa na mjomba wake, hilo halina mjadala.

Ilianza na jino. Gego la chini upande wa kulia likawa linacheza. Miaka sita ni umri wa kung'oka meno, nani angeshtuka? Dada yangu alicheka akamwambia likitoka alirushe juu ya paa. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa umri huo yanayotangulia kutoka ni meno ya mbele, na magego husubiri miaka mingine mitatu au minne. Wiki hiyohiyo shavu likajaa. Jirani akasema ni matubwitubwi, yatapita. Hayakupita. Tukampeleka kwa mng'oa meno wa sokoni, ambaye koleo lake hulichemsha kwenye birika, na kwa haki yake niseme hulichemsha kweli. Alilivuta jino likaja bila yeye kukaza mkono. Akaligeuzageuza kiganjani, akasema, "Hili mbona lilikuwa limeelea tu?"

Mtu huyo hakusoma hata darasa moja la udaktari, lakini aliona. Alichokosa ni mtu wa kumwambia alichokiona.

Baada ya siku chache jino la pili likaanza kucheza. Safari hii tukaenda kwenye kliniki yenye makoti meupe, ambayo siitaji kwa sababu sitafuti ugomvi na mtu. Wakang'oa la pili. Wakatoa amoksilini na panadol. Tuliporudi siku ya tano wakasema ni jipu la fizi, wakapasua. Usaha haukutoka. Ilitoka damu tu, na uvimbe ukabaki palepale, mgumu kama embe bichi. Aliyepasua aliitazama ile damu, akatazama ukuta, akaandika dawa nyingine yenye nguvu zaidi.

Barua yangu yote iko hapo, pale alipotazama ukuta.

Ugonjwa aliokuwa nao mpwa wangu unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni kansa ya chembe nyeupe za damu, zile zinazokaa kwenye tezi na kutulinda na maradhi. Kwa watoto wa nchi zetu hupenda kushika taya, ikalegeza meno kutoka chini, ikajaza shavu, na ikipanda taya la juu husukuma jicho nje. Wengine huwashika tumboni. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka minne na tisa hivi, wavulana kuliko wasichana. Na inakua kwa kasi kuliko karibu kansa nyingine yoyote ya binadamu: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48. Maana yake ni kwamba wiki moja ya amoksilini si wiki moja. Uvimbe ulioingia kliniki ukiwa kama ndimu unatoka ukiwa kama chungwa.

Sasa hili ndilo linaloniuma, Waheshimiwa. Ugonjwa huu haukuja kwetu kutoka ng'ambo. Ulimwengu uliujua kutoka kwetu. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa watoto Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyekuwa ameanzia kazi Lira mwaka 1946, amtazame mvulana mdogo aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Burkitt hakuelewa. Wiki chache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja, akatupa macho dirishani, akaona mtoto mwingine amekaa nje na mama yake, uso uleule. Akatoka kumchunguza, akakuta na tumbo lina uvimbe pia. Akarudi Kampala kufukua mafaili. Mwaka 1958 akaandika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda Ford kuukuu wakaendesha karibu kilomita 16,000, mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mnawaona watoto wenye taya kama hizi?

Mmoja wa wale wenzake alikuwa Ted Williams, daktari wa hospitali ya Kuluva. Kuluva! Ukitoka hapa kibandani kwangu kwa bodaboda hujamaliza hata nusu saa. Williams aliandika daftari la wagonjwa wa West Nile, kijiji kwa kijiji, na kutoka kwenye daftari hilo ndiko ilikoonekana kwamba watoto walikuwa wakiugua kwa mafungu, mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ramani ya safari yao nayo ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata joto, mvua na mabonde, yaani unafuata mbu. Leo inajulikana kwamba malaria ya mara kwa mara huichosha kinga ya mtoto, na kirusi kimoja ambacho karibu kila mtoto wa kwetu hukipata akiwa bado mdogo hupata nafasi ya kuharibu. Kirusi hicho, Epstein-Barr, nacho kiligunduliwa kwa nyama ya mtoto wa Uganda. Desemba 1963 chupa yenye kipande cha uvimbe ilipanda ndege kwenda London. Ukungu ukaifanya ndege itue Manchester, maji ya kwenye chupa yakafika yamechafuka, wakataka kuyamwaga. Bahati njema mtu akayaweka kwanza kwenye darubini, akakuta seli zinaogelea, hai. Mwaka uliofuata ulimwengu ukatangaziwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu.

Na kati ya 1972 na 1974, watoto wapatao 42,000 wa West Nile hii walitolewa damu ili ijulikane kama kirusi kinatangulia ugonjwa. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Jibu lilipatikana, likachapishwa, likasomwa vyuoni dunia nzima. Damu yetu imesafiri kuliko sisi. Lakini mwaka ambao mpwa wangu aliugua, kwenye ukuta wa ile kliniki, umbali wa kutembea kutoka mahali ambapo damu hiyo ilitolewa, kulikuwa na bango la malaria, bango la kunawa mikono na kalenda ya kampuni ya simu. Hapakuwa na hata karatasi moja inayosema: mtoto mwenye taya lililovimba na meno yanayocheza usimng'oe, usimpasue, mpeleke.

Ninachoomba cha kwanza ndicho hicho. Amri moja fupi kutoka juu, iende kila kituo cha afya cha daraja la pili, la tatu na la nne, kila kliniki ya meno, kila mhudumu wa afya wa kijiji, na msione aibu, iende mpaka kwa mng'oa meno wa sokoni mwenye birika. Mtoto chini ya miaka 15, taya limevimba, jino linacheza bila kuoza. Jino la kwanza mtu anaweza kukosea. La pili lising'olewe kabla mtoto hajaonwa na hospitali ya rufaa, na asisubiri kumaliza kopo la dawa. Hili halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Linahitaji karatasi, picha mbili na mtu wa kuifuatilia.

Nirudi kwa mpwa wangu. Jicho lilipoanza kutoka, dada hakungoja tena mtu. Hospitali ya rufaa wakamwona na, kusema kweli, wao walijua. Daktari kijana alimshika kidevu, akalitikisa jino la tatu kwa kidole, akanyamaza, akaita wenzake. Wakakata kipande cha nyama wakakitia kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhi, ili kipelekwe Kampala kusomwa kwa darubini. Mnajua kilisafiri vipi? Kilisafiri na basi letu. Nilikiandikia risiti ya mzigo kwa mkono wangu mwenyewe, "chupa 1, dhaifu, isilazwe", nikamkabidhi dereva akakiweka pembeni ya kiti chake. Nilifanya hivyo kama ninavyofanya kwa simu za kutengenezwa na stakabadhi za ardhi.

Basi lilifika asubuhi. Jibu lilichukua wiki tano.

Sikulaumu mtu wakati ule kwa sababu sikujua hesabu ya saa 24 na 48. Siku hizi ninaijua, na usiku nikikaa kibandani huwa naifanya, wiki tano ni kuongezeka maradufu mara ngapi, halafu naacha kabla sijafika mwisho. Ile chupa ya 1963 ilivuka bahari, ikapotezwa njia na ukungu, na bado ilisomwa mapema kuliko ya kwetu iliyopitia Pakwach na Karuma, njia ya Kampala, kwa lami.

Kwa hiyo la pili: nyama isomwe karibu. Kama mtaalamu wa kuisoma hawezi kukaa Arua, basi kuwe na mtu wa kuipokea kule, na simu ya kurudisha jibu siku ileile linapopatikana, badala ya karatasi inayosubiri mtu aje aiulizie. Watu wanaosoma nyama ni wachache nchini, hilo tunalisikia. Lakini kujua kwamba ni wachache ndiyo sababu ya kuipanga foleni yao, mtoto mwenye taya awe mbele ya uvimbe wa mtu mzima ambao umekaa naye miaka minne.

Sasa Kampala. Hospitali na wodi sitaitaja. Wauguzi walikuwa wema, walikuwa wachache, na kuna usiku dada alilala chini ya kitanda pamoja na akina mama wengine watatu. Dawa zilizotumika zina majina marefu, siklofosfamaidi, vinkristini, methotreksati, lakini si dawa za ajabu wala mpya. Zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa ambazo nchi yoyote inapaswa kuwa nazo. Burkitt mwenyewe alizitumia miaka ya 1960, na kuna watoto waliopona kwa dozi chache tu. Kituo kilichojengwa Mulago mwaka 1967 kwa ajili ya ugonjwa huu huu ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Kansa ya Uganda. Na kansa hii haihitaji mashine. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini ilipokufa, nchi nzima ilipiga kelele, na haki yao, mpaka mpya ikazinduliwa Januari 2018. Mtoto mwenye limfoma ya Burkitt hahitaji mionzi hiyo. Anahitaji dripu, dawa tatu, sindano ya uti wa mgongo, na mtu wa kupima mkojo wake.

Mkojo nautaja kwa makusudi, maana kuna wanaosema basi dawa ziletwe tu kila kituo, kwisha maneno. Hapana. Uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa ghafla, taka zake huingia kwenye damu na kuziba figo, na mtoto anaweza kufa kwa dawa kufanya kazi vizuri mno. Lazima ajazwe maji kwanza, lazima aangaliwe usiku. Naomba wodi moja yenye watu waliofundishwa, hapa hapa Arua, ambayo tumekuwa tukisikia ahadi ya kituo cha kansa cha mkoa. Ahadi hiyo ianze na vitanda sita vya watoto kabla ya jiwe la msingi na utepe.

Nilichokiona nilipokwenda kuwatembelea sitakisahau. Siku ya kwanza ya dawa taya lilikuwa vile vile. Siku ya tatu ngozi ya shavu ilikuwa imelegea, ina makunyanzi kama puto lililotoka upepo usiku. Siku ya tano jicho lilikuwa limerudi mahali pake. Mtoto alikula wali. Akaniuliza, "Mjomba, mhuri nani anagonga?"

Dada alinivuta korido akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuiharibu bahati, "Amepona."

Na mimi nikasema, "Amepona."

Hakuna aliyetukanusha. Au pengine walisema. Muuguzi alieleza mambo kwa Kiingereza, halafu akarudia kwa Kiganda kwa sababu akina mama wengi pale walikuwa Waganda na Wasoga. Dada yangu anajua Kilugbara na Kiswahili cha soko. Alisikia "wiki mbili", akasikia tarehe, akaona muhuri kwenye kitabu chekundu. Alichoelewa ni kwamba baada ya wiki mbili akipenda arudi kuonyesha. Hakuelewa kwamba kilichoyeyuka ni kile kinachoonekana tu, na kwamba mizunguko ya dawa iliyobaki ndiyo tiba yenyewe. Sindano ya mgongo nayo ilikuwa imemtisha. Wodini kulikuwa na mama aliyesema inalemaza miguu. Hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo inayozuia ugonjwa kukimbilia kwenye ubongo na uti wa mgongo.

Mvua zilikuwa zimeanza. Shamba lilikuwa halijapandwa, na nyumbani kulikuwa na watoto wengine watatu kwa bibi yao. Akanipigia simu. Tiketi ya kurudi nilikata mimi. Nilimpa kiti kizuri, cha pili kutoka mbele, na sikumtoza mtoto.

Wiki ya pili ilipofika hakukuwa na nauli, na mbele yetu kulikuwa na mtoto anayecheza mpira. Ya nne, vilevile. Ya sita akasema miguu imekufa ganzi. Ya saba akawa hawezi kusimama, tumbo limejaa. Tulimpandisha basi la kwanza lililopatikana na hatukufika Karuma.

Nimeandika hayo kwa ufupi kwa sababu siwezi kuyaandika kwa urefu.

Katika nchi tajiri watoto zaidi ya 90 katika kila 100 wanaopata ugonjwa huu hupona. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau watoto 60 katika kila 100 wenye kansa, popote walipo, wawe wanapona. Imebaki miaka michache, na mtoto wa Yumbe au Koboko anaanza mbio hizo akiwa nyuma kilomita 500 na lugha mbili.

Kuhusu lugha niseme, maana hii ni barua ya Kiswahili na mtu anaweza kuuliza kwa nini. Katiba iliporekebishwa 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Tukashangilia, sisi wa paki hasa, ambao tumekuwa tukikisema tangu babu zetu wakiwa askari. Sasa mbona hakijafika wodini? Pale alipokaa dada yangu palikuwa na mama kutoka Kongo, mama kutoka Sudan Kusini na mama kutoka Busia, na lugha pekee iliyowaunganisha wote watatu na yeye ilikuwa Kiswahili. Walifundishana kupika kwa Kiswahili. Walitishana kuhusu sindano ya mgongo kwa Kiswahili. Daktari tu ndiye hakukitumia. Chukueni ukurasa mmoja, uandikwe kwa Kiswahili, Kilugbara, Kiacholi na lugha nyingine za wodi hiyo: uvimbe ukiisha, ugonjwa haujaisha. Maneno hayo manne, kwa herufi kubwa, juu ya kila kitanda. Asiyejua kusoma asomewe na jirani.

Na nauli. Hapa ninaongea kama mtaalamu, niruhusuni. Jumanne na Jumatano mabasi ya usiku huondoka na viti vitupu, sita, saba, wakati mwingine kumi. Mwenye basi amekwisha lipia mafuta. Viti hivyo kwake ni hasara tayari. Wilaya ikimwendea ikamwambia tutakununulia viti viwili kila Jumanne kwa bei ya chini, kwa mtoto mwenye kitabu cha matibabu na mama yake, hakatai, na kama atakataa nileteeni mimi niongee naye. Hospitali ikimruhusu mtoto impe tiketi ya kurudi kwenye mzunguko unaofuata, imekwisha gongwa mhuri, ina tarehe. Mama akiwa na karatasi ya tarehe ataiweka kwenye sanduku. Akiwa na tiketi iliyolipiwa ataitumia, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu anayeacha kiti kilicholipiwa kiende kitupu. Nauli ya safari zote za mtoto mmoja ni mbuzi kadhaa kwa familia. Kwa wilaya ni posho ya semina moja.

Nisiwasahau wakubwa, ingawa barua hii ni ya watoto. Dereva mwenzetu mmoja alitokwa na tezi shingoni, hazina maumivu, zinateleza chini ya vidole kama kokwa. Akapewa dawa za kifua kikuu miezi sita bila kipimo hata kimoja kuonyesha kifua kikuu. Tezi zikaongezeka, jasho la usiku likaloanisha shuka, kilo zikaondoka. Baadaye sana zikakatwa zikasomwa: limfoma ya Hodgkin, kansa nyingine ya tezi, ambayo ikiwahiwa watu wengi hupona kabisa. Kifua kikuu tunacho, hilo kweli, na tezi za shingo mara nyingi ndicho. Lakini dawa zikikaa wiki kadhaa bila tezi kupungua, zikatwe zitazamwe. Anayeishi na virusi vya Ukimwi asisubiri hata hizo wiki, kwa sababu limfoma humpenda zaidi. Na fizi zinazovimba na kuvuja damu zenyewe, kwa mkubwa au mdogo, zipimwe damu kabla ya kulaumiwa mswaki.

Jana Jumanne, kabla ya basi la saa mbili na nusu usiku, alikuja mama mwenye blanketi, sufuria na bahasha. Mtoto wa kike, kitambaa mpaka utosini. Nilimwomba ruhusa, nikawasha tochi ya simu, nikamwambia mtoto afungue kinywa. Pengo mbili chini kushoto, na la tatu linacheza. Nilimuuliza mama imeanza lini, akahesabu kwa vidole tangu kuvuna simsim. Nikawapa kiti cha tatu, karibu na mlango. Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, mara mbili: shavu likinywea nipigie simu tufurahi wote, lakini usiniombe tiketi ya kurudi mpaka daktari akuambie tarehe, na tarehe hiyo unitajie mimi pia niiandike hapa.

Ameninyooshea pesa za nauli zimefungwa kwenye leso, noti ndogondogo, akahesabu, zikatosha kwenda. Akaniuliza ya kurudia mzunguko wa pili atalipa nani.

Nimemwambia nimeandika barua.

Wenu,
Mkata tiketi, mabasi ya usiku, Arua